Kuchagua Cherehani Itakayokufaa: Mwongozo Kamili kwa Wanunuzi wa Mtwara na Lindi

Malipo ya korosho yakianza kutoka, cherehani nazo huanza kushushwa kwenye mabasi: Mtwara mjini, Masasi, Newala, Nachingwea. Baada ya miezi michache nyingi zinakuwa zimefunikwa kanga pembeni ya chumba. Mwenyewe atakwambia mbovu. Ukiifungua, mara nyingi haina ubovu wowote. Ni mashine ya kazi nyingine, au ya umeme mwingine, au haijawahi kuwekewa sindano inayoihusu.

Makosa yanayojirudia ni yale yale. Mtu anachagua mashine kabla ya kuchagua kazi. Analipia wingi wa mishono ambayo hataishona. Anakubali muuzaji ajaribu kwa kitambaa cha muuzaji. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke, kwa sababu kila moja inapunguza mashine za kufikiria katika hatua inayofuata.

## Vitu vya kubeba kabla ya kwenda dukani

- Vipande vya vitambaa unavyotarajia kushona: kanga au kitenge, satini au shifoni nyepesi, khaki au jinzi, na kipande cha jezi kinachovutika. Kila kimoja kiwe na urefu wa mkono hivi.
- Nyuzi mbili za unene mmoja, mmoja mweusi na mwingine mweupe.
- Sindano mpya za cherehani ya nyumbani, namba 11, 14 na 16. Kwenye pakiti utaona pia 75, 90 na 100. Ni vipimo hivyo hivyo kwa namna nyingine ya kuandika.
- Futi ya fundi, bisibisi ndogo, simu yenye tochi, na kitambaa cheupe cha kufutia.
- Daftari na kalamu.

Fedha igawe kabla hujatoka. Usiimalize yote kwenye mashine. Tenga kama moja ya tano kwa mkasi mzuri, sindano, oili, bobini (vigurudumu vya uzi wa chini) za ziada na usafiri. Cherehani nzuri yenye mkasi butu haitakuingizia kitu.

## Hatua ya 1: Andika kazi, si ndoto

Andika nguo tatu utakazoshona zaidi katika mwaka wa kwanza. Tatu tu. Hapa kwetu orodha nyingi huangukia sehemu mojawapo kati ya hizi.

Madera, vitenge, baibui na sare za shughuli. Unyago, harusi na ngoma huleta oda za watu kumi au ishirini kwa mara moja. Kazi yake ni mishono mirefu iliyonyooka kwenye kitambaa chepesi au cha wastani, na kingo zisizochanika. Unahitaji mashine inayonyoosha mshono vizuri, na njia ya kumaliza kingo.

Sare za shule na suruali. Khaki, tetroni, mifuko, zipu, mikanda ya kiuno. Panapokutana mishono utapitisha sindano kwenye tabaka sita au nane. Hapa unatafuta nguvu, na matundu ya vifungo.

Marekebisho na nguo za nyumbani. Kupunguza, kubadili zipu, kushona mapazia na foronya. Mashine ndogo inatosha kabisa.

Nguo za kuvutika, kama jezi na fulana. Hizi hazitaki mshono ulionyooka. Ukivuta nguo, uzi unakatika. Lazima upate zigizaga (mshono unaokwenda kushoto na kulia) au ovaloki (mashine inayokata na kuzungushia uzi kwenye kingo).

*Utajua umefaulu* ukiweza kumwambia muuzaji sentensi moja: "Natafuta cherehani ya kushona sare za shule, kila siku, umeme ukiwepo na usipokuwepo." Sentensi hiyo inakulinda kuliko kujua majina ya kampuni kumi.

## Hatua ya 2: Amua itaendeshwa na nini

Ya mguu, kichwa cheusi cha chuma. Hii ndiyo unayoiona kwenye vibaraza vingi kuanzia Mikindani hadi Kilwa: Butterfly, Singer na ndugu zake. Inashona mshono ulionyooka tu. Haina zigizaga. Lakini kichwa chake ni chuma kitupu, spea zake zinafanana kati ya kampuni na kampuni, na fundi wa mtaani anaijua kwa kupapasa. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia shughuli, wewe unaendelea.

Mapendekezo yangu kwa anayeanza biashara ni haya: nunua kichwa cheusi na meza yake ya mguu, kisha fedha ikiruhusu funga mota ndogo ya pembeni. Umeme ukiwepo unatumia mota; usipokuwepo unarudisha mkanda wa ngozi. Usiutupe mkanda ule.

Ya umeme ya nyumbani. Nyepesi, ina zigizaga, wakati mwingine na tundu la kifungo la hatua moja. Inafaa kwa marekebisho na kwa mwanafunzi. Udhaifu wake ni kazi ya kutwa nzima. Mota yake ni ndogo na imekusudiwa kupumzika. Ukiilazimisha khaki asubuhi hadi jioni itapata joto, na siku moja utasikia harufu.

Ya kiwandani, zile za Juki, Jack na Brother zenye meza pana. Zipo zinazofikia mishono 5,000 kwa dakika, wakati ya nyumbani huwa chini ya 1,000 au karibu na hapo. Inashona mshono mmoja tu ulionyooka, lakini siku nzima. Ukienda huko, dai mota ya servo. Mota ya zamani ya klachi hunguruma muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata wakati unakata kitambaa, na umeme unaliwa. Servo hukaa kimya hadi ukanyage, na kasi yake inapunguzwa. Kwa anayejifunza hilo la kupunguza kasi ni kubwa sana, maana mashine ya kiwandani isiyopunguzwa humkimbia mtu.

Onyo: ya kiwandani haifai kuwa ya kwanza na ya pekee kwa mtu anayeishi mahali umeme unakatika mara kwa mara na hana jenereta.

## Hatua ya 3: Chuja vipengele

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Muuzaji atakuonyesha gurudumu lenye picha za maua, majani na bata. Muulize mshonaji yeyote wa miaka mingi ametumia mishono mingapi mwaka huu. Atakutajia ulionyooka, zigizaga na tundu la kifungo.

Vilipie hivi:

Kurudi nyuma. Bila kitasa cha kurudisha utakuwa unafunga mafundo kwa mkono kila mwisho wa mshono. Baadhi ya vichwa vyeusi vya bei ya chini kabisa havina, kwa hiyo kiulize na kijaribu.

Urefu wa mshono unaobadilika, angalau kutoka milimita 1 hadi 4. Kanga inataka milimita 2 hadi 2.5, khaki 3, na kushikiza kwa muda 4.

Zigizaga inayobadilika upana, kama kazi yako ina kingo zinazochanika na huna mpango wa ovaloki. Zigizaga ya milimita 5 inatosha.

Skrubu ya kupunguza mkandamizo wa mguu unaobana kitambaa. Watu hawaiulizi kabisa, ilhali ndiyo inayoamua kama satini itajikunja na jezi itavutika. Kwenye vichwa vyeusi iko juu kabisa, kichwani upande wa kushoto.

Bobini ya kawaida. Vichwa vyeusi vingi na mashine nyingi za nyumbani hutumia ile inayoitwa klasi ya 15, na inapatikana karibu kila duka la vifaa vya ushonaji. Mashine yenye bobini ya umbo lake peke yake itakusumbua maisha yote.

Hivi si lazima: kifaa cha kujipitishia uzi kwenye tundu la sindano (hupinda mapema), mishono ya mapambo, herufi za kuandika majina. Taa ni nzuri, lakini taa ya kubandika ni rahisi kuliko kubadilisha mashine.

Na hivi vifikirie mara mbili: mashine za kompyuta zenye skrini. Zinashona vizuri sana, sizikatai. Lakini ubao wa ndani ukiungua kwa umeme unaopanda na kushuka, mafundi wengi wa mikoani hawawezi kuutengeneza, na unyevu wa chumvi wa pwani hauzipendi saketi. Ukiamua kununua, nunua pamoja na kidhibiti umeme.

Tundu la kifungo nalizungumzia peke yake kwa sababu limewachanganya wengi. Shati la shule lina matundu sita au saba. Ukishona mashati kumi kwa wiki, tundu la kujiendesha linajilipa. Ukishona madera, ambayo hayana vifungo, usililipie. Siku ukipata shati moja, wapo mafundi mjini wanaotoboa matundu kwa malipo madogo.

## Hatua ya 4: Uliza spea kabla ya bei

Kabla hujarudi dukani na fedha, pita kwa fundi wa kutengeneza cherehani aliye karibu nawe. Mwamkie vizuri, kaa chini, muulize maswali matatu: "Fundi, mashine hii unaitengeneza? Spea zake unazitoa wapi? Kipi kinaharibika kwanza?"

Kama jibu la spea ni "Kariakoo", hesabu siku za kuagiza na nauli ya kifurushi kila kitu kinapovunjika. Kama jibu ni "sijawahi kuifungua", achana nayo hata kama bei inakuvuta. Waalimu wa ushonaji wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA, Mtwara na Lindi, nao ni watu wa kuuliza. Wanaona mashine zinazopigwa na wanafunzi kila siku na wanajua zipi zinastahimili.

*Utajua umefaulu* ukibaki na aina mbili au tatu tu za mashine kwenye daftari.

## Hatua ya 5: Kagua bila uzi

Iwe mpya au ya mkononi (iliyokwisha kutumiwa na mtu), ukaguzi ni huu huu. Ya mkononi usiinunue usiku.

1. Zungusha gurudumu kwa mkono kuja upande wako, pole pole, mizunguko kumi. Liende sawasawa mwanzo hadi mwisho. Likikwama sehemu ile ile kila mzunguko, kuna chuma kilichopinda au kinachogusana. Likiwa zito mzunguko mzima, huenda ni oili iliyoganda tu, na hiyo inasafishika. Tofautisha mambo hayo mawili, kwa sababu la kwanza ni la kuachana nalo na la pili ni la kupunguzia bei.

2. Shika chuma kinachobeba sindano kwa vidole viwili, kitikise kushoto na kulia. Kikicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, njia yake imelika. Mashine itaruka mishono na hutapata wa kuirekebisha kwa bei ya maana.

3. Pitisha kidole kwenye meno yanayosukuma kitambaa. Yawe makali kama tupa mpya. Yakiwa laini, kitambaa kitateleza.

4. Angalia tundu la sindano kwenye bati kwa tochi. Ukiona mikwaruzo au pembe zilizochongeka, hapo sindano nyingi zilivunjikia, na uzi utakuwa unakatika. Bati hubadilishwa, kwa hiyo si sababu ya kukataa bali ya kuzungumza bei.

5. Toa bobini na kasha lake, mulika ndani, futa kwa kitambaa cheupe. Oili ya kahawia nyepesi si neno. Unga mwekundu ni kutu. Chunguza hasa ncha kali ya ndoano inayozunguka na kudaka uzi. Ikiwa na vishimo vya kutu au imevunjika ncha, ondoka. Mashine zilizokaa karibu na bahari, Shangani au Mikindani, huanza kuliwa hapo wakati nje bado zinang'aa.

6. Inua kasha la bobini kwa kushika uzi wake, bobini ikiwa ndani. Libaki linaning'inia. Ukiustua mkono kidogo lishuke sentimita chache na kusimama. Likianguka hadi chini, skrubu yake imelegea. Lisiposhuka kabisa, imekazwa mno. Skrubu hiyo ndogo huzungushwa kidogo sana, chini ya robo mzunguko kwa mara moja.

Onyo: mashine iliyomwagiwa oili nyingi asubuhi hiyo huzunguka vizuri mbele yako kisha hurudi kwenye uzito wake baada ya siku mbili. Ukiona oili inachuruzika kila mahali, uliza kwa nini.

## Hatua ya 6: Shona kwa kitambaa chako

Toa sindano iliyomo, weka yako mpya. Hakikisha ni aina yake: mashine za nyumbani na vichwa vyeusi vya kawaida hutumia sindano yenye ubavu bapa juu, na za kiwandani hutumia ya mviringo. Mfereji mrefu wa sindano uangalie upande uzi unakoingilia. Sindano iliyogeuzwa ndiyo chanzo cha "cherehani mbovu" nyingi kuliko kutu.

Weka uzi mweusi juu, mweupe chini.

Kanga, tabaka mbili, milimita 2.5. Shona mstari wa urefu wa kiganja, kisha pima kwa futi: ndani ya sentimita 2.5 kuwe na mishono kumi. Geuza kitambaa. Juu uone weusi tu, chini weupe tu, na mafundo yafichike katikati. Vidoti vyeupe vikitokea juu, uzi wa juu umekazwa sana. Kukiwa na vitanzi vyeusi chini, uzi wa juu umelegea au hukuupitisha vizuri. Inua mguu, uzi upite upya. Usikimbilie kukaza skrubu kabla ya hapo.

Kanga tena, bila kuiongoza. Iache iende yenyewe. Ikienda upande, mkandamizo wa mguu au meno hayako sawa.

Rudi nyuma juu ya mshono ule ule. Mishono ya kurudi iwe na urefu sawa na ya kwenda.

Satini, kwa sindano namba 11. Ikikunjamana, punguza mkandamizo wa mguu kisha legeza uzi kidogo. Ikikubali kunyooka, mashine ina usikivu wa kutosha kwa madera na baibui.

Khaki au jinzi iliyokunjwa tabaka sita, sindano namba 16. Nenda taratibu. Sindano ipenye bila wewe kusaidia gurudumu kwa mkono, na mishono isipungue urefu inapopanda kwenye unene. Mashine ya nyumbani ikishindwa hapa na wewe hushoni sare, isikusumbue. Ukishona sare, hapa ndipo uamuzi wako ulipo.

Jezi, kwa zigizaga, kama mashine inayo. Uvute mshono. Usikatike.

Chukua vipande hivyo nyumbani, viandike jina la mashine. Ukijaribu mashine tatu siku moja utachanganyikiwa, lakini kitambaa hakisahau.

## Hatua ya 7: Soma kibati cha umeme

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Kwenye mashine au mota tafuta kibati kilichoandikwa 220–240V. Mashine za mtumba kutoka Japani zilitengenezwa kwa volti 100, na za Marekani kwa 110 hadi 120. Ukizichomeka ukutani moja kwa moja mota inaungua mara moja. Zinahitaji transfoma ya kushusha, nayo ina bei yake na uzito wake. Adapta ya kubadilisha umbo la plagi haishushi volti hata moja; usikubali kuambiwa vinginevyo.

Endesha mota dakika kumi mfululizo, kisha gusa mota na kanyagio. Joto la kawaida ni sawa. Zikikuunguza mkono, au ukisikia harufu ya plastiki, acha.

## Hatua ya 8: Risiti na safari

Kila kichwa kina namba yake, iliyogongwa kwenye chuma au kuandikwa kwenye kibati. Iandikwe kwenye risiti, pamoja na jina la muuzaji na muda wa dhamana kama upo. Kwa mashine ya mkononi mwambie muuzaji aandike karatasi na asaini mbele ya shahidi. Mashine za wizi zipo, na namba hiyo ndiyo itakayokutetea.

Kwa safari ya basi toa sindano, toa kasha la bobini ulifunge peke yake, shusha mguu juu ya kitambaa kilichokunjwa. Kichwa kitenganishwe na meza. Ya kiwandani imwagwe oili yote kwanza, la sivyo itafika kwenye mizigo ya wenzako. Kisha simamia mwenyewe inapopakiwa.

Na usinunue wiki ya mwisho ya Desemba ukitegemea sare za Januari. Mashine ngeni inataka wiki mbili tatu za kuzoeana, na wazazi hawasubiri.

## Hatua ya 9: Siku za mwanzo

Tumia oili ya cherehani, ile nyeupe nyepesi. Mafuta ya nazi na ya kupikia huganda ndani na kugeuka gundi. Oili ya gari iliyotumika ina uchafu unaokwangua chuma. Tone moja kila tundu linatosha, kila unapomaliza siku nzima ya kazi, kisha shona kwenye kipande cha taka hadi madoa yaishe. Ya kiwandani inajilainisha yenyewe kutoka kwenye sinia la chini; wewe angalia tu oili ibaki kati ya alama ya juu na ya chini.

Kwenye ya mguu, zoeza miguu bila uzi kwanza. Gurudumu lazima lianze kuja upande wako kila mara. Likianza kinyume, uzi hujiviringisha chini na kukwama, na mwanafunzi hudhani ameharibu kitu.

Ifunike kwa kitambaa cha pamba usiku, si nailoni. Nailoni hufungia unyevu wa bahari ndani na kutu hupata nafasi. Iweke mbali na dirisha linaloelekea pwani. Badilisha sindano baada ya kila saa nane hivi za kushona, au mara tu unaposikia inagonga kitambaa badala ya kupenya.